Nukta ya Rangi ya Kucha

Helve wa Rõuge alinipigia simu mara tatu wiki moja,
huko kusini mwa Estonia, ambako Januari
jua huchungulia saa sita, likaona haya, likarudi.
"Kaidi," akasema, "taa yako ina wazimu.
Inawaka usiku kucha, na uani hakuna mtu."
Taa si yangu. Aliifunga marehemu mumewe, Urmas.
Lakini fundi ukishashika bisibisi kijijini
kila waya ni mwanao.

Nikaegemeza ngazi ukutani, theluji ikalia chini yake.
Swichi kuu kwanza: zima.
Ukilipuuza hilo, watu watakuzungumzia
kwa wakati uliopita.

Kihisio ni jicho la plastiki, dogo kuliko yai,
na hili lilikuwa na mtoto wa jicho:
utando wa buibui, masizi, ukoko wa barafu.
Nikalipangusa kwa kitambaa kikavu
kama mtu anayemnawisha mgonjwa.
"Haliijui sura yako," nikamwambia, "wala ya mwizi.
Linahisi joto linalohama, basi.
Bomba la moshi likilipasha tawi lile, upepo ukalitikisa,
linawaka. Mlango wa sauna ukitema mvuke,
linawaka."

Helve alikuwa chini, ameishika ngazi kwa mikono miwili.
"Sauna haijawashwa tangu Septemba," akasema.
"Tangu yeye."

Lisemwalo lipo; ila si kila lililopo
husemwa mtu akiwa juu ya ngazi.

Nikalikata tawi. Nikatazama theluji, maana theluji haina siri:
nyayo za mbweha, mstari mmoja, kama mshono,
kutoka uzioni hadi kwenye pipa la maganda.
Mwizi wetu huyo.
Nikageukia vifundo. Muda: kutoka dakika kumi hadi mbili.
Wepesi wa kuhisi: ulikuwa umesukumwa hadi ukutani,
na pale mwisho, nukta nyekundu, rangi ya kucha.
Fundi wa kubahatisha, nikawaza, Mungu amrehemu.
Nikaurudisha nusu.

Washa. Nikakatiza ua, taa ikaniona.
Euro thelathini, na chupa ya matango ya siki.

Nilikuwa garini, napasha injini,
Helve alipotoka kufuata kuni.
Koti la manyoya, shali mbili, buti za Urmas;
joto lake lote amelifungia ndani kama akiba.
Alitoka kibandani akija moja kwa moja,
hatua ya mtu anayehesabu mayai,
na jicho lile humwona anayekatiza
kuliko anayelijia.
Giza.
Nikasikia ndoo ikigonga jiwe.
Nikaona mkono ukipapasa ukuta.

Hapo ndipo nukta iliponisomea barua yake.
Urmas hakubahatisha. Alipima.
Alimsimamisha mkewe kibandani, akazungusha kidogo, "Njoo!"
akazungusha tena, "Rudi, njoo!"
mpaka taa ikamwona mtu mmoja huyo, mzito, wa polepole,
kisha akaazima chupa ya rangi yake
ili mkono wa mgeni usije ukajifanya mjuzi.
Mbweha naye akapata mwanga. Ndiyo bei yenyewe.

Nikarudi na ngazi.
"Umesahau nini?"
"Adabu," nikasema.
Nikakipinda kichwa cha kihisio pembeni
ili njia ya kuni ipite mbele yake kwa mshazari,
nikabandika utepe mweusi upande wa uzio, mbweha apite zake,
na kifundo nikakirudisha kwenye nukta, hasa.
"Sasa tembea."

Akatembea. Hatua ya tatu, ua wote ukawa mchana:
kuni, ndoo, pumzi yake.
Akasimama humo kitambo, hakusema asante.
Akaunyooshea utepe kidole.

"Banua kidogo pale. Upana wa ukucha.
Nimeshamzoea."

Nikabanua.
Sikuuliza nani.