Shira Bila Hiliki

Nurten kasema: unga usukume
mpaka usome maandishi chini yake.
Kiarabu chake kina mapengo, na changu kina mapengo,
tukaelewana kwa mikono.

Akauinua mchi wangu wa chapati, akacheka:
mnene huu, wa kupigia mwizi.
Akaangaza macho, akaliona pazia la sebuleni,
akaichomoa fimbo yake nyembamba,
na pazia likabaki limeketi kitini
kama mgeni asiyekaribishwa chai.

Mabela, Julai, saa tano ya asubuhi.
Nje digrii arubaini na sita, paka wa jirani
kajilaza chini ya gari, hataki habari.
Ndani nimezima kiyoyozi, maana upepo ule
huukausha unga ukapukutika kama jani.
Kitambaa kibichi juu ya madonge.
Jasho lanitoka kisogoni mpaka kisiginoni.
Na wanga wa mahindi, vumbi jeupe hadi kwenye nyusi;
Muhenna, aliyerudi kufuata chaja yake,
akasimama mlangoni:
"Khalti, umezeeka tangu asubuhi?"

Sukuma, zungushia fimboni, viringisha, kunjua.
Unga ukapanuka: kisahani, sinia, meza nzima.
Gazeti sikuwa nalo. Nani siku hizi ananunua gazeti?
Nikavuta droo ya bili,
nikatoa karatasi ya juu bila kuitazama,
nikaitelezesha chini ya unga.

Mwandiko wa mama.
Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kalamu ya risasi,
zile kafu zake zilizolala chali.
Si wasia, si dua. Orodha ya dukani:
siki
ndimu sita
betri mbili za redio
hili —
hapo unga ukachanika.

"Si neno," Nurten akasema kwa kiganja,
"kilichochanika tunakiweka katikati,
hakuna atakayekiuliza."
Akakibeba juu ya fimbo, akakilaza siniani
pamoja na wenzake, akakimwagia samli.
Mimi ningali naitazama karatasi,
ina doa la wanga, nalipuliza halitoki.

Tabaka kumi na tano, kisha fustuki, kijani cha kukutia njaa,
kisha kumi na tano tena. Kisu kikali,
almasi ndogo ndogo, kata kabla ya moto,
ukingoja iive utakata makombo.

Tukaja kwenye shira.
Sukari, maji, ndimu. Nikaishika chupa ya hiliki,
akanishika mkono.
Hapana. Kwao hapana.
Nikamwambia kwetu shira bila hiliki
ni maji ya kuoshea sufuria ya sukari,
muulize yeyote aliyewahi kula kaimati.
Akatikisa kichwa kama hakimu.

Simu ya mumewe ikalia, akatoka nayo ukumbini.
Punje moja tu. Nikaivunja kwa jino.

Sinia likatoka jekundu, linavuma.
Shira imepoa. Moto kwa baridi, ndiyo sheria;
vyote viwili vya moto, andaa kijiko, umepika uji.
Nurten akainamisha sikio:
chaaaaaa.
Akafumba macho. "Imeongea," akasema.
Isipoongea, umeiua.

Kesho yake, kwa kuwa siku ya kwanza haigusi mtu,
akachukua kipande kwa vidole,
akakigeuza juu chini kama wanavyofanya wao,
akatafuna. Akaacha kutafuna.
"Kuna nini humu?"
"Ndimu," nikasema.
Akachukua cha pili.
"Muongo," akasema,
kwa Kiswahili nilichomfundisha mwenyewe.

Pazia bado liko kitini. Fimbo kaenda nayo kwao,
anasema yangu ni nzuri kuliko yake.

Na jana, dukani kwa Mmalabari,
nilikuwa nimefuata maziwa na mkate tu.
Nikaongeza siki. Ndimu sita.
Nikasimama mbele ya kaunta, foleni nyuma yangu,
kijana ananiuliza: za ukubwa gani?
Nikamwonyesha kwa kidole.
Betri mbili.
Redio yenyewe sijui iliishia wapi.