Mkono Upi

Nilikifunga kwa gazeti na raba mbili,
nikapanda nacho basi la saa tatu kwenda Kočevje,
kimelala miguuni kwenye mfuko wa viazi,
kama mtu anayempeleka jogoo kwa daktari.

Ala yake ya kale ililiwa na panya
kipupwe kile mjomba Jernej alipolazwa.
Walianza na mshono, wakamaliza na kishikizo cha mkanda,
wakaacha kifungo cha shaba, na harufu.

Lovro Pirnat ana duka nyuma ya ghala la mbao.
Hushona hatamu, na tangu farasi wapungue,
kola za mbwa wa watu wa Ljubljana.
Alilifungua gazeti taratibu,
akasoma kwanza matokeo ya mpira,
kisha akakitazama kisu.
"Kimelika," akasema.

Kweli. Miaka arobaini ya jiwe la kunolea
imelitafuna bapa lile
hadi likawa jembamba kama ulimi wa paka.

"Nataka ala ya kawaida. Rahisi."
"Nikupigie kulungu? Majani ya mwaloni? Mihuri ninayo."
"Hapana."
"Jina lake?"
"Hata herufi."
"Rahisi," akasema, akitafuta penseli sikioni,
"ndiyo isiyoficha kosa."

Akakilaza kisu juu ya karatasi, akakizungushia mstari.
Akakata ngozi ya ng'ombe, nene, yenye rangi ya mkate,
vipande viwili,
halafu cha tatu, utepe tu, upana wa kidole,
akauweka katikati, pale mshono utakapopita.

"Huu wa nini?"
"Huu ndio unaokatwa.
Makali yakipotea njia yaule huu, yauache uzi."

Nikamwona mama,
mezani, kati ya kaka yake na mumewe,
akipitisha chumvi ambayo hakuna aliyeiomba.

"Mkono upi?"
Nilidhani ananidai malipo, nikaingiza mkono mfukoni.
"Hapana. Unakivaa upande upi?
Maana huyu" – akatia gumba lake
kwenye kishimo kilicholika katika mpini wa pembe –
"huyu alikuwa na shoto."

Alikuwa nayo.
Shuleni waliufunga mkono ule kwa mshipi wa suruali.
Akajifunza kuandika jina lake kwa wa kulia,
vibaya, na mengine yote aliyafanya kwa ule uliofungwa.

"Mimi natumia wa kulia," nikasema. "Lakini siwindi.
Kitakaa tu kabatini."
Akaiweka sindano chini.
"Basi kinunulie bahasha. Posta wanauza."

Husemwa mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.
Mimi nina kisu kikali na jiko la umeme,
na nyama naipata dukani, imekwisha kukatwa.
Nilisimama pale, nta ikinuka,
nikihesabu vitu ninavyovikata: uyoga wa Septemba,
kamba za kuni, ganda la jibini.
Havikufika vinne.

"Kulia," nikasema,
na ilikuwa kama kumhamisha kitanda mtu aliyelala.

Ijumaa ilikuwa tayari.
Mshono umenyooka, ila karibu na ncha
tundu moja limekwenda kombo.
"Hilo sikutozi," akasema. Euro thelathini na tano.
Nikakisukuma kisu. Kikagoma upana wa kidole mmoja,
kisha ngozi ikakimeza, tk,
kama mtu anayefunga mlango bila kugombana na yeyote.

Ndani ya basi kilinichoma ubavu kila kona.
Nyumbani nikakata kamba ya mzigo wa kuni
ambao ningeweza kuufungua kwa vidole.
Kile kishimo cha gumba lake
kinaangukia katikati ya kiganja changu,
pasipo na kidole cha kukijaza.
Nakata hivyohivyo.