Swali la Tatu

Theluji imefunga barabara tangu Jumapili.
Shule ni baridi kama kisima, basi nafundishia jikoni,
kompyuta juu ya gunia la viazi,
paka kalalia daftari la mahudhurio.
Wanafunzi kumi na mmoja, wametawanyika
katika milima ya Apuseni kama punje zilizomwagika.
Naita majina. Veturia yupo. Pacha wa kina Bocsa wapo,
wanagombania kiti kimoja.
Avram, sauti yake yaja nusunusu,
kama mtu anayesemea ndani ya mtungi.

Somo la leo: Warumi wa kwetu.
Si wale wa Roma, wenye marumaru na mataji ya majani.
Hawa wa hapahapa, nawaambia, chini ya miguu yenu,
waliotoboa mlima wakifuata dhahabu
mpaka mlima ukabaki kama jino bovu.

Makumbusho yako mbali, basi ni moja kwa wiki,
lakini picha zake ziko mtandaoni. Nafungua moja:
kibao cha mbao kilichopakwa nta,
karne kumi na nane gizani mwa shimo.
Vuteni kwa vidole viwili, kisogee.
Kibao ndani ya kibao. Pacha wanacheka.
Bibi yake Veturia anachungulia:
"Mbona kama changu cha kukatia vitunguu?"
Naam, mama. Ndugu yake.

Mwandiko ni wa kuku aliyeparura majivu.
Nawasomea polepole:

*Mimi, Panes mwana wa Plator, nimejikodisha,
mimi na mikono yangu, kwa kazi ya mgodi,
tangu leo hadi katikati ya Novemba.
Nikikosa siku, nitakatwa.
Maji yakifurika shimoni, nitakatwa vilevile.
Ameniandikia mwingine, kwa kuwa sijui herufi.*

Kimya. Kisha dirisha la Avram linazimika.
Nyumbani kwao simu ni moja, na ndiyo anayopigia baba
kutoka Zaragoza, anakobeba matofali.
Baba akipiga, Roma inaanguka.

Jioni majibu yanaingia. Swali la tatu:
Taja mambo matatu tuliyoachiwa na Warumi.
Veturia: barabara, lugha, mvinyo. Alama tatu.
Pacha: barabara, lugha, mvinyo,
na kosa lilelile la tahajia kwa wote wawili.
La Avram linafika karibu na usiku wa manane.

*Mwalimu, samahani, baba alipiga.
Nilimsomea kile kibao. Akanyamaza,
nikadhani mtandao umekatika.
Kisha akasema, huku mvua ikinyesha hatulipwi.
Akasema mkataba wake ni wa Kihispania,
Mmoroko mmoja ndiye aliyemsomea, akatia sahihi.
Akaniuliza, huyo Panes, alilipwa?
Nimetafuta kurasa zote za makumbusho. Hawasemi.
Mambo matatu sikuyapata. Nimepata hilo.*

Chai imepoa. Kalamu nyekundu iko mkononi.
Mwongozo wa kusahihisha wataka nimpe sufuri,
au moja kwa huruma.
Miaka kumi na tisa nimefundisha zile barabara,
zilivyonyooka, mawe yalivyopangwa, mitaro kando;
sijawahi kuuliza aliyeyapanga kama alikula.

Nakifungua tena kibao. Nakivuta kwa vidole viwili
mpaka nta inageuka ukungu,
mpaka herufi zinapasuka kuwa vidoa.
Pembeni, karibu na tundu la uzi wa muhuri,
pana mbonyeo mdogo. Pengine ni kidole gumba.
Pengine ni panya. Sijui,
na tovuti haijui.

Paka anajinyoosha, anakanyaga herufi tatu
kabla yangu. Nazifuta. Naandika:

Avram, kesho ni saa tatu kamili.
Baba akipiga, usitoke.
Mwingize darasani.