Mwaka wa Dunja

Huku kwetu tunaziita dunja. Tamka dunya,
karibu na dunia, ila hizi zina manyoya,
vumbi laini la kijivu unalolipangusa kwa kitambaa
kama unampangusa mtoto aliyecheza ungani.

Asemaye dunia ni mti mkavu
hajafika nyuma ya banda letu mwezi huu wa kumi.
Tawi lilipasuka usiku kwa uzito,
nikadhani mtu kavunja mlango.

Mama mkwe alipokuwa hai mti ulitoa ndoo mbili.
Kila mwaka aliutishia shoka,
kwa sauti, mbele ya mashahidi.
Akafa mwezi wa tatu. Mti ukazaa
kama mwenye deni aliyesikia habari kwa kuchelewa.

Nilihesabu mpaka mia nne na kumi, nikaacha.

Usiume. Zina ukakasi wa kufunga kinywa,
ulimi unageuka zulia.
Na ni ngumu: kisu cha Tihomir cha kuchinjia kondoo
kilikwama katikati ya tunda la tatu,
akabaki ameshika mpini, ananitazama mimi.

Juma la kwanza nilikuwa mkarimu.
Kikapu kwa padri, kikapu kwa mwalimu,
kikapu kwa dereva wa basi la Kruševac
ambaye miaka yote hakulijua jina langu. Sasa analijua.
Juma la pili majirani wakaanza kufunga milango mapema.
Ljubinka nilikutana naye darajani,
mkononi kikapu kimefunikwa kanga ya meza,
na harufu ikamsaliti.
Tulisalimiana kama wezi wawili.

Basi, kupika.
Kilo tano za tunda, kilo nne za sukari, malimau,
na mkono usiochoka kukoroga,
maana rojo ile ikitokota hutema mate ya moto;
nina makovu matatu kifundoni.
Saa ya pili ndipo linapotokea jambo lile:
nyama nyeupe inaingia uwaridi,
kisha wekundu wa tofali, tofali lililonyeshewa.
Hakuna aliyetia rangi.
Rangi rangile, na sufuria ni ile ile.

Tulimimina kwenye trei, ikakauka siku nne,
tukaikata mche mche kama sabuni.
Mbegu tuliziloweka: ute wake dawa ya kikohozi,
au ndivyo alivyoshikilia marehemu,
aliyekohoa miaka kumi.
Maganda yakaenda kwenye chai.
Nyingine nilizikata nusu, nikazijaza jozi zilizotwangwa,
nikazichoma tanurini. Nyingine na nyama ya kondoo;
Tihomir alikula kimya, halafu akauliza kama kuna viazi.
Zilizopondeka, magunia sita, alizitia pipani mwenyewe.
Kutoka pipa mpaka chupa ni subira na moto mdogo,
na hapo hakuuliza habari za viazi.

Zikabaki chache, zile nzuri zisizo na doa.
Nikakumbuka: mama mkwe alikuwa akizipanga
juu ya kabati lake la nguo, vikonyo juu, zisigusane,
shuka zinukie mpaka theluji iyeyuke.

Chumba kile hatukuwa tumekifungua tangu mazishi.
Niliingia na sinia, nikapanda kiti.
Juu ya kabati, katika vumbi,
kulikuwa na maduara safi, safu mbili,
kila moja upana wa ngumi.
Niliweka tunda langu la kwanza mahali pake.
Halikuenea. Za mwaka huu ni kubwa mno.

Pembeni kabisa moja alikuwa ameisahau,
nyeusi, imejikunja, nyepesi kama ganda la yai.
Nikaisogeza puani.
Bado.

Sasa kuna mtu anabisha mlango wa mbele.
Ni Ljubinka, harufu imemtangulia.
Nimesimama juu ya kiti cha marehemu,
dunja kila mkono,
sijibu.