Zamu ya Saa Tisa

Aliletwa ndani ya kikapu cha sokoni,
amefunikwa kanga kama deni linalofichwa.
"Mama, mwezi mmoja tu," alisema Mbelwa, mwanetu,
akarudi Dodoma kazini.
Tanga, wanasema, waja leo waondoka leo.
Huyu kaja leo. Mwezi wa tatu huu.

Uzito wake wa nazi iliyofuliwa,
masikio makubwa kuliko akili.
Nikamwita Kokwa.
Kibofu chake nakadiria ni ndimu changa
(nilikuwa nesi Bombo miaka thelathini na mmoja,
vibofu navijua),
na ndimu hiyo ilikamuliwa kila mahali:
chini ya meza, nyuma ya mlango,
ndani ya kiatu cha kanisani cha mume wangu,
kile cha kulia, ambacho siku hizi hakivaliki.

Saguti, kijana wa nyumba ya tatu, akanifunza:
"Msugue pua humo humo, atakoma."
Nikamwuliza, wewe ulisuguliwa?
Akacheka, akapanda baiskeli yake.

Bi Mwanakombo wa ukuta wa pili hakucheka.
"Jirani, sina ugomvi na kiumbe,
ila mkeka wangu wa kusalia naanika hapa.
Najisi isivuke."
Haitavuka, nikamwambia,
nikamwachia kamba yangu ya nguo, ya upande wa jua.

Basi nikaanza kazi, kama wodini.
Daftari. Kalamu. Saa.
Akiamka, nje.
Akila, nje.
Akinusanusa akizunguka kama aliyeangusha shilingi,
nje mbio, kwapani, miguu inaning'inia,
hadi chini ya mlimau, pale pale pa jana.
"Haya, Kokwa." Neno moja, lile lile.
Akimaliza, kichwa cha dagaa
na sifa kama bwana harusi.
Akikosea ndani, kimya: kitambaa, siki, maji.
Sikumgombeza.
Mwenye kibofu kidogo hana dharau.

Saa tisa usiku simu hulia.
Saa hiyo tunajuana.
Tangu kiharusi kilipomlaza Shemhilu
ndiyo saa ya kumgeuza, kumwekea chupa,
naye kuelekeza uso ukutani
nisimwone, yeye mkuu wa stesheni
aliyeondosha magari moshi kwa kuinua bendera tu.
Mara nyingi nilikuta shuka limeshalowa.
Hakuomba radhi. Nami sikumdai.

Usiku mmoja wa Novemba simu iliisha chaji.
Nililala kama gogo
mpaka nikasikia komeo.
Upande wake wa kitanda: mtupu.
Nikapapasa. Mkavu.
Vuli inapiga mabati.

Nikachungulia dirishani.
Kokwa hataki mvua. Tumbo lake lagusa nyasi,
kila tone kwake ni ndoo nzima.
Na mume wangu, bega la kulia
limeegemea ukuta wa Bi Mwanakombo,
mkono wa kushoto umeshika mwavuli,
si juu ya kichwa chake,
juu ya mbwa.
Wanasogea hivyo kuelekea mlimau,
mmoja anaburuta mguu,
mwingine anachagua pa kukanyaga.

"Haya," nikamsikia,
neno la kwanza lililonyooka tangu Pasaka.
"Haya, Kokwa."

Nikarudi kitandani kabla hawajageuka,
nikajifunika, nikakoroma kwa makusudi,
koromo baya, la mwanafunzi wa maigizo.

Asubuhi kopo la dagaa lilikuwa wazi.
Na kwenye daftari, mstari wa saa tisa,
mwandiko wa mkono wa kushoto,
umepinda kama reli inayoikwepa milima:
Nje. Wawili.