Kilo

Mizani ya Twalib haijui kuuliza.
Inaning'inia kwenye boriti huko Gofu,
inapima chuma, inataja kilo;
kitanda cha hospitali na kengele ya shule, bei moja.

Nyuma ya rundo la vyerehani nikaiona:
Moris, boneti imekunjamana puani,
na chini yake, badala ya matairi,
magurudumu manne ya chuma, yenye kingo kama sinia.
"Kiberenge hicho," Twalib akasema bila kugeuka.
"Gari lililojidhania treni."

Nililijua kabla sijalifikia.
Babu yangu, Mbelwa Sengasu, alikuwa fundi karakana
kwenye shamba la mkonge la Kwamsala. Reli yao nyembamba,
hatua moja ya mtu mwenye haraka.
Meneja Mgiriki akataka kukagua shamba amekaa kwenye kiti cha ngozi.
Moris ikaletwa. Babu akazikata ekseli,
akatoa shibiri mbili na nusu, akaziunga,
akasema chuma kilichoungwa vizuri hakikumbuki jeraha.
(Bibi anasema hakusema hivyo hata siku moja.
Babu alikuwa mtu wa kuguna.)

Usukani aliuacha.
Haukushika kitu, fimbo yake iliishia hewani chini ya dashibodi,
lakini meneja hakuweza kukaa mikono mitupu.
Akawa anakata kona ambazo reli ilishazikata,
anaegemea kushoto, anaegemea kulia,
anawapigia honi ngedere.

Tatizo lilikuwa mwisho wa reli.
Treni hurudi kinyumenyume, haioni aibu.
Moris ina gia moja tu ya kurudi, nayo inalia:
maili saba, shingo imepinda, jua la saa nane.
Siku tatu Babu hakuongea na mtu.
Alichora kwa chaki sakafuni, akafuta kwa kisigino.

Nikalala chali, nikajisukuma chini ya chesisi.
Pale kitovuni, kati ya giaboksi na difu,
sahani ya chuma, duara, imegandana na grisi ya miaka sitini,
na juu yake skrubu nene kama mkono wa mtoto.
Nikamimina mafuta ya taa. Nikanywa chai.
Nikamimina tena.
Kibwana, kijana wa Twalib, akaingiza nondo kwenye hendeli.
"Haitoki, dada."
Ikatoka. Robo mzunguko, ukelele. Nusu.
Sahani ikashuka, ikagusa ardhi, ikajikaza,
na gari likainuka juu ya mguu mmoja,
magurudumu yote manne hewani, vidole viwili tu.

Nikausukuma mlango kwa kiganja.
Kilo mia saba zikageuka
kama mtu anavyogeuka usingizini.
Boneti ikapita mbele ya ukuta, mbele ya choo,
mbele ya Kibwana aliyeachama,
ikanifikia mimi.

Ndipo nikalielewa lile sanduku la nyuma
lililojaa vipande vya reli. Nilidhani ni akiba.
Kumbe injini huku, vipande kule,
na katikati Babu, anaguna, anaongeza kimoja, anapunguza kimoja,
mpaka gari zima likasawazika.

Twalib aliacha kuhesabu noti.
Kisha akaendelea.
"Na vya sandukuni vinapimwa," akasema. "Chuma ni chuma."
Nikalipa vyote.

Reli ya Kwamsala ilishang'olewa,
labda ilipita kwenye mizani hii hii.
Sina pa kuliendesha.
Lipo uani kwangu Makorora, kati ya kamba ya nguo na banda la kuku;
wateja wenye bodaboda wanaliegemea wakisubiri plagi.
Asubuhi nalielekeza getini.
Jioni nalielekeza mlangoni kwa Bibi,
ambaye ana miaka tisini na hana subira na mashine.
"Sasa hilo," ananiuliza, "linakwenda wapi?"

Naguna.