Ritifaa

Biju ameniwekea mbili juu ya meza ya kioo,
Ruwi, nyuma ya duka la mapazia,
saa tano asubuhi, Julai, lami nje inalainika
na kiyoyozi chake kinadondosha maji kwenye ndoo ya rangi.
"Ya mtoto, mama?" kwa Kiarabu chake cha sokoni.
"Ya mama," namjibu.

Anacheka. Mimi sicheki.
Nina miaka hamsini na mbili na riali themanini,
nimezihesabu mara mbili ndani ya teksi kutoka Wadi Kabir,
na darasa la uhasibu linaanza Jumapili.
Miaka kumi na tisa nimehesabu shuka za hoteli ya watu.
Sasa nataka kuhesabu kwa jina langu.

Ya kwanza ni ya rangi ya fedha, nyembamba kama mkate wa rakhali.
Inameta. Nimeipenda kabla sijaigusa,
na hapo ndipo nilipoiogopa:
niliwahi kuolewa na kitu kinachometa.
Nimeiwasha, nimefungua madirisha kumi na mawili, na filamu juu yake,
nikaipakata, nikasubiri.
Dakika ya saba feni inavuma kama stovu
na paja langu linaiva.
"Joto la Maskati," anasema Biju.
Joto la Maskati nalijua. Hili si lake.

Ya pili imewaka kabla sijamaliza bismillahi.
Skrini pana, gigi kumi na sita, mbio tupu.
Nikaifunga nikaifungua, nikaifunga nikaifungua,
bawaba ya kushoto ikatoa mlio mdogo,
mlio wa goti langu nikishuka ngazi.
Nionyeshe betri, nikasema. Asilimia siitaki, nataka historia yake.
Imechajiwa mara elfu moja na arobaini.
Nikachomoa waya.
Ikakata roho papo hapo, bila wasia.

"Basi iko mzee mmoja," akasema, akaingia nyuma ya pazia.
Nyeusi, nene, pembe moja imechubuka,
mgongoni gundi ya lebo iliyobanduliwa,
mali ya kampuni fulani huko kwenye visima vya mafuta.
Uso haukuniambia kitu.
Fungua, nikamwambia. Nyumba njema si mlango.
Akatafuta bisibisi. Skrubu nane.
Diski mpya, nafasi moja ya kumbukumbu iko wazi, inangoja,
na kwenye kona, karibu na feni,
chembe za mchanga mwekundu alizosahau kuzipuliza.
Sikumwonyesha.
Kumbe nayo imekesha kambini, ikarudi mjini, na bado inawaka.

Nikaandika jina la mama yangu.
Kitufe cha A kimefutika, hakina neno, kidole kinaijua njia.
Nikaandika ng'ombe.
Ikatoka ngombe.
Nikaandika tena, ikatoka ngombe.
"Hicho hakuna anayekitumia," anasema Biju.
Hakuna! Bila hicho, bwana,
kwetu jino haling'oki, nyota hazing'ari,
na mama yangu hanong'oni.

Akaleta pamba ya masikio na spiriti,
akasugua, akapuliza, akasugua.
Kikapanda nusu.
Alitaka hamsini na tano. Nikakata mbili kwa ajili ya ritifaa,
tukabishana mpaka chai ikaja,
na dhamana ya miezi sita akaniandikia kwa mkono
nyuma ya kadi ya muuza mapazia.

Usiku huu imekaa bila waya saa nne unusu.
Paja langu ni baridi.
Mstari wa kwanza wa daftari: laptopu, 53.
Wa pili, salio: 27.
Wa tatu si wa hesabu, najaribu tu:
ng'
ng'
ng
ng'
Kinagoma mara moja moja.
Nami pia.